Swali la Barira

Katika maneno yote yawezayo kutamkwa na kinywa cha mwanadamu, hapana lililo zito kuliko hili: "Mungu ameamrisha." Amri ya mfalme hutanguliwa na amri ya mfalme mwingine, sheria ya bunge hufutwa na bunge lijalo, shauri la mzee hupimwa kwa shauri la mzee mwenziwe. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba Mungu ameamrisha hana mahali pa kukata rufani. Kwa sababu hiyo neno hili lilistahili kutumiwa kwa hofu na kwa hesabu. Walakini twaona kuwa latumiwa kwa wepesi mno. Mzazi asiyetaka kujibiwa hulitumia. Mume aliyeishiwa na hoja hulitumia. Msemaji apendaye kushangiliwa hadharani hulitumia. Na kijana anayethubutu kuuliza hunyamazishwa kwa kuambiwa kwamba kuuliza ni dalili ya imani haba.

Insha hii yakusudia kuikanusha kauli hiyo ya mwisho. Nasema kwamba katika Uislamu kuuliza, "Je, hii ni amri ya Mungu, au ni rai ya mtu?" si ufidhuli, wala si ukafiri. Ni wajibu wa kila mtu anayetaka kutii. Amri haiwezi kutiiwa kabla ya kutambulikana, na mwenye kutii kila sauti inayojiita ya Mungu hamtii Mungu, bali humtii mwenye sauti.

Ushahidi wangu wa kwanza nautoa kwa mwanamke aliyekuwa mtumwa. Jina lake Barira, naye aliishi Madina katika zama za Mtume Muhammad, rehema na amani zimfikie. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alimnunua akamwacha huru. Barira alipopata uhuru alipata pia hiari ya kuendelea na ndoa yake au kuivunja, kwa kuwa mumewe, Mughith, alikuwa bado mtumwa. Akachagua kuivunja. Mughith alimpenda sana. Akawa anamfuata njiani akilia hata machozi yakamtiririka ndevuni. Mtume akamhurumia, akamwambia Barira kuwa ingefaa amrudie mumewe. Barira akauliza kama hiyo ilikuwa amri. Akajibiwa kwamba la, alikuwa akimwombea tu. Hapo Barira akasema kuwa hana haja na mtu yule, na jambo likaisha. Hakukemewa kwa kuuliza, wala hakulaumiwa kwa kukataa. Kisa hiki kimo katika mkusanyo wa hadithi wa Imamu Bukhari, ambao wengi wa Waislamu huuheshimu kuliko vitabu vyote baada ya Kurani.

Shahidi wa pili ni mpiganaji. Katika mwaka 624, kabla ya vita vya Badri, Mtume alipiga kambi mahali fulani. Wanahistoria wa maisha ya Mtume wasimulia kwamba Hubab bin Mundhir alimwendea akamwuliza kama mahali pale palichaguliwa kwa wahyi, pasiweze kubadilishwa, au kwa maarifa ya vita. Alipojibiwa kuwa ni maarifa ya vita, alishauri kambi ihamishwe karibu na visima, na shauri lake likafuatwa.

Basi, ikiwa mwanamke aliyetoka utumwani juzi na askari wa kawaida waliweza kumwuliza Mtume mwenyewe uso kwa uso, ni nani leo aliye mkubwa hata asiulizwe?

Mpinzani wangu atasema: "Hao walikuwa na Mtume mbele yao. Ninyi mtamwuliza nani?" Hoja hii ina nguvu, na wanavyuoni wa Kiislamu waliiona zamani sana. Jibu lao halikuwa kuwaziba watu vinywa. Waliunda elimu nzima ya kulijibu swali hilo. Imamu Shafii, aliyezaliwa mwaka 767 na kufa mwaka 820, ambaye madhehebu yake yafuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, aliandika kitabu kiitwacho Risala kueleza jinsi hukumu zinavyotolewa katika asili zake. Elimu hiyo ni pana, lakini mwanafunzi aweza kuishika kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: neno hili limetoka wapi? Kama ni aya ya Kurani, chimbuko lake lajulikana. Kama ni hadithi, twauliza ni nani aliyeipokea, naye aliipokea kwa nani, hata ufike mwanzo wa mnyororo. Wanavyuoni walichunguza maisha ya wapokezi mmoja mmoja: ukweli wao, nguvu ya kumbukumbu zao, na kama waliwahi kukutana. Ndipo hadithi zikagawanywa: zipo sahihi, zipo nzuri, zipo dhaifu, na zipo za kuzuliwa. Maana yake ni kwamba kutamka "Mtume amesema" si mwisho wa mazungumzo, bali ni mwanzo wake.

Swali la pili: neno hili lina maana gani? Kila aliyesoma sarufi ajua kuwa umbo la kitenzi si hoja pekee. Mama akimwambia mgeni, "Kula," na mwalimu akimwambia mwanafunzi, "Andika," maumbo ni mamoja lakini uzito ni mbalimbali. Mgeni aliyeshiba hatatiwa adabuni. Ndivyo ilivyo katika Kurani. Sura ya Al-Jumua, aya ya 10, yawaambia waumini watawanyike katika ardhi swala ikiisha; wala hapana mwanachuoni asemaye kuwa anayebaki msikitini ametenda dhambi. Sura ya Al-Maida, aya ya 2, yawaambia mahujaji wawinde wakitoka katika ihramu. Nayo ni ruhusa baada ya katazo, si lazima kwa kila haji kushika upinde. Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, yaamuru deni liandikwe. Wengi wa wanavyuoni wameiona kuwa ni nasaha njema, na wachache wameiona kuwa ni lazima.

Swali la tatu: neno hili lina daraja gani? Sheria ya Kiislamu haina vyumba viwili tu, cha lazima na cha haramu. Ina vitano: wajibu, suna, mubaha, makuruhu na haramu. Hicho cha katikati, cha mambo yaliyoachiwa hiari ya mtu, ni kipana sana. Mtu anayechukua jambo la mubaha akaliita haramu hakuongeza ucha Mungu. Amejipa cheo kisicho chake. Sura ya An-Nahl, aya ya 116, yawaonya vikali watu ambao ndimi zao huhukumu hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Mungu uwongo.

Sasa na tuipime mizani hii kwa jambo lenye damu na machozi. Katika baadhi ya jamii za Waislamu wa Kenya, msichana hukeketwa, na tendo hilo huitwa suna. Mama humshika binti yake huku akiamini kuwa atekeleza dini. Tuulize kama Barira alivyouliza. Je, imetoka wapi? Katika Kurani hapana aya hata moja inayoitaja. Hadithi inayotolewa mara nyingi ni ile iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daudi, aliyekufa mwaka 889; na Abu Daudi mwenyewe, aliyeiandika, alisema kwamba ni dhaifu. Je, ina maana gani? Hata kama ingekuwa sahihi, yasimulia kwamba mwanamke aliyekuwa akifanya kazi hiyo Madina alizuiwa asikate kwa kupita kiasi. Hilo ni zuio, wala si amri ya kukata. Je, ina daraja gani? Wanavyuoni wa kale walihitilafiana: katika madhehebu ya Shafii wako walioiita wajibu, na katika madhehebu mengine wako walioiita suna au jambo jema tu. Hitilafu hiyo yenyewe yaonyesha kuwa hapakuwa na nasi ya kukata shauri. Nayo kanuni ya kuzuia madhara, ambayo haina ubishi katika sheria ya Kiislamu, inasimama upande wa pili pamoja na ushahidi wa madaktari juu ya kutoka damu, maradhi, na hatari wakati wa kuzaa. Mwaka 2006 wanavyuoni walikutana katika Chuo cha Al-Azhar, Cairo, wakatangaza kuwa desturi hii haina msingi katika Kurani wala katika hadithi sahihi. Mwaka 2011 Kenya ilitunga sheria ya kuipiga marufuku. Mamilioni ya Waislamu wa Moroko, Aljeria na Tunisia hawaijui, na hapana anayewaambia kuwa dini yao imepunguka.

Pengine mtu ataona kuwa nataka kuipunguza dini. La! Geuza ukurasa uone upande wa pili. Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, yasema waziwazi kuwa wanawake wana fungu katika mali iliyoachwa na wazazi na jamaa, iwe kidogo au nyingi; na aya ya 11 yataja fungu la binti kwa hesabu. Chimbuko ni Kurani, maana ni dhahiri, daraja ni wajibu, wala wanavyuoni hawakuhitilafiana juu ya asili yake. Lakini ni mashamba mangapi yamegawanywa kwa wana wa kiume peke yao, binti akaambiwa kuwa yeye ameolewa, asipeleke mali ya baba katika nyumba ya watu? Angalia ajabu hii: mtu yule yule aliyekuwa mkali akitetea wembe usioamrishwa, huwa mpole na msahaulifu mbele ya fungu lililoamrishwa. Huyu hana bidii ya dini. Ana bidii ya desturi, naye ameivika desturi hiyo kanzu ya dini.

Yuko na mpinzani wa pili, na yafaa naye ajibiwe. Huyu ni kijana ambaye, akisikia kwamba baadhi ya mambo ni desturi tu, hukimbilia kusema kuwa yote ni desturi, na kila mtu atachagua apendalo. Amekosea sawasawa na yule wa kwanza, kwa kuwa wote wawili wameitupa mizani. Mizani inayoonyesha kuwa jambo hili ni jepesi ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha kuwa jambo lile ni zito. Swala tano, zaka, saumu ya Ramadhani na kutimiza ahadi zina ushahidi mwingi. Tena Barira hakuuliza ili apate mwanya. Aliuliza akiwa tayari kusikia majibu yote mawili. Kwani asiyekuwa na nia ya kutii hana haja ya kujua kama ni amri. Swali la kweli ni lile ambalo mwenye kuuliza amekubali kufungwa na jibu lake.

Wala sisemi kuwa kila mwanafunzi awe mufti. Kuuliza ni kitu kimoja, kutoa hukumu ni kitu kingine. Mgonjwa aweza kumwuliza daktari jina la dawa na sababu ya kuinywa, bila ya kudai kuwa yeye ndiye daktari. Kurani yenyewe yawaelekeza wasiojua wawaulize wenye elimu, na anayeelekezwa kuuliza hawezi kuwa amekatazwa kuuliza. Mwenye elimu ya kweli hachukii swali. Imamu Shafii alipohama kutoka Iraki kwenda Misri alibadilisha nyingi katika rai zake, na wafuasi wake wamezihifadhi zote, za kwanza na za pili. Neno la Mungu halikubadilika njiani. Kilichobadilika ni ufahamu wa mwanachuoni, naye hakuona haya kulionyesha jambo hilo kwa kalamu yake.

Hata mahali ambapo amri ni moja, watu wema waweza kuielewa mbalimbali. Mwaka 627 Mtume aliwaambia wafuasi wake wasiswali Alasiri isipokuwa kwa Banu Quraidha. Wakati ukawabana njiani. Baadhi yao wakaswali papo hapo, wakisema kwamba makusudi yalikuwa kuharakisha. Wengine wakachelewesha hata walipofika, wakishika neno lilivyotamkwa. Habari ilipomfikia Mtume hakulaumu hata kundi moja. Ikiwa hivyo ndivyo, anayewatoa wenzake katika dini kwa kutofautiana naye katika jambo lenye rai mbili ajiulize amepata wapi ukali ambao Mtume hakuuonyesha.

Leo udhuru wa kutouliza umekuwa mdogo kuliko zamani. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa, akiwahimiza Waislamu wa pwani waijue dini yao na waache desturi zinazowarudisha nyuma. Mwaka 1969 tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilichapishwa kamili mjini Nairobi. Maana ya Kitabu imeingia katika lugha tunayonunulia samaki sokoni. Kwa hiyo wewe unayesoma, uwe Mwislamu au uwe wa dini nyingine, ukiambiwa tena kwamba Mungu ameamrisha, usicheke wala usitetemeke. Uliza kwa adabu: imetoka wapi, ina maana gani, ina daraja gani? Jibu likiwa ni ndiyo, msemaji atakuwa amekuongoza, naye yastahili umshukuru. Jibu likiwa ni la, utakuwa umeliondoa jina la Mungu katika jambo ambalo Yeye hakulisema. Na pengine utakuwa umemwokoa binti wa mtu na wembe, au umemrudishia shamba lake.