Lugha Nyepesi Si Elimu Nyepesi

Likizo iliyopita nilihudhuria kikao cha walimu na wanafunzi wa kidato cha nne huku kwetu Marani, kuhusu utulivu wa akili nyakati za mitihani. Mgeni wetu, mtu mwema na msomi, alifundisha namna ya kutafakari itokanayo na falsafa ya Kihindi iitwayo advaita. Kwa saa nzima alitutajia "ufahamu upitao utengano wa nafsi na kitu" na "uhalisi usiogawanyika". Wanafunzi walinakili kila neno. Alipoondoka, msichana mmoja alinijia na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni mimi peke yangu ambaye sikuelewa?"

Swali hilo halijanitoka moyoni. Binti yule hakumlaumu mfundishaji, alijilaumu mwenyewe. Waama, hayo ndiyo madhara ya lugha nzito: mtu huja kutafuta utulivu, akaondoka na hofu mpya kwamba kichwa chake ni kizito.

Wapo watakaosema kwamba jambo lenyewe halisemeki, hivyo ugumu hauepukiki. Nakubali kwamba maneno hayafiki huko. Hata hivyo, kazi ya neno ni kumfikisha mtu mlangoni, na neno lisiloeleweka halimfikishi popote.

Isitoshe, mabingwa wenyewe wa mafundisho haya hawakujificha nyuma ya msamiati. Neno advaita, katika Kisanskriti, maana yake ni kutokuwa na uwili. Kwa ufupi, "si mbili". Ramana Maharshi (1879-1950) aliwapa wanafunzi wake swali ambalo hata mtoto hulielewa: "Mimi ni nani?" Nisargadatta Maharaj (1897-1981), muuza sigara za kusokota mjini Mumbai, alifundisha nyumbani kwake kwa Kimarathi, lugha ya watu wa kwao. Mazungumzo yake yalipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1973, yalisomwa ulimwenguni kote. Je, sisi tuna sababu gani ya kuwa wagumu kuwapita hao?

Nirudi kwa binti yule. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kupiga mabati, kama ilivyo desturi yake huku milimani. Nilimwambia: "Fumba macho uisikilize mvua. Sasa tafuta mpaka. Sauti inaishia wapi, na wewe unayesikia unaanzia wapi? Usinijibu upesi." Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mpaka siuoni." Sidai kwamba alifika walikofika wenye hekima. Nasema tu kwamba zoezi, ambalo saa nzima ya istilahi haikuweza kulianzisha, lilikuwa limeanza.

Mwalimu wa Kiswahili ana mfano mwingine mkononi. Katika "ninaisikia", ni- ni msikiaji, -i- ni mvua, na -sikia ni tendo. Vyote vitatu vimo ndani ya neno moja. Sarufi si falsafa, na mfano si ithibati. Lakini mwanafunzi anayelijua neno hilo tangu utotoni ana mahali pa kuanzia.

Sipigi vita istilahi. Mimi mwenyewe hula kwa istilahi. Wataalamu wanazihitaji wanapojadiliana wao kwa wao. Ninachopinga ni kuzitanguliza. Mwanafunzi aonje kwanza, kisha apewe jina la alichokionja.

Walimu wenzangu, kusema kwa lugha nyepesi si kuishusha elimu. Ni mtihani wetu sisi, kwa kuwa anayelijua jambo huweza kulisema kwa maneno ya sokoni, na asiyelijua hujisitiri kwa maneno ya vitabuni. Nanyi wanafunzi, kuuliza si ujinga. Msipoelewa, inueni mikono kabla mgeni hajaondoka. Huenda darasa zima linawasubiri.