Vinasaba na Dawa Kinga ya VVU: Kipi Kizingatiwe Simiyu

Je, dawa kinga ya Virusi vya UKIMWI, maarufu kama PrEP, hufanya kazi sawasawa katika kila mwili? Swali hili lina uzito mkoani Simiyu, ambako mkulima wa pamba wa Bariadi au mfugaji wa Meatu humeza kidonge bila kupimwa vinasaba.

Msingi wa swali hilo ni wa kisayansi. Tenofovir, dawa kuu katika vidonge hivyo, haikingi mpaka ibadilishwe ndani ya seli, kwa hatua mbili, na vimeng'enya vya mwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakiongozwa na Namandjé Bumpus, wamebaini kuwa baadhi ya watu wana tofauti za vinasaba zinazoweza kudhoofisha vimeng'enya hivyo.

Tofauti za aina hiyo zimewahi kuonekana nchini katika dawa za matibabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha wagonjwa wa Tanzania na Ethiopia waliotumia efavirenz. Watanzania walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha dawa hiyo katika damu. Hivyo, majibu ya taifa moja, hata la jirani, hayatoshi kuwasemea wote. Watanzania wanapaswa kushirikishwa katika tafiti.

Hata hivyo, ushahidi uliopo unaonesha kuwa jambo lenye uzito mkubwa zaidi ni matumizi sahihi. Katika utafiti wa Partners PrEP uliofanyika Kenya na Uganda, vidonge vyenye tenofovir na emtricitabine vilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Kwa waliokutwa na dawa katika damu, kinga ilikadiriwa kufikia asilimia 90. Kinyume chake, utafiti wa FEM-PrEP, uliohusisha wanawake wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ulisitishwa mwaka 2011 bila kuonesha kinga. Vipimo vilibaini kuwa chini ya asilimia 40 ya wanawake waliopimwa walikuwa wametumia dawa siku za karibuni.

Kwa mwananchi wa Simiyu, hofu ya vinasaba si sababu ya kuacha dawa. Anayetumia vidonge vya kila siku hupimwa VVU kabla ya kuanza, humeza kidonge bila kuruka siku na hurudi kituoni kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Kondomu inabaki muhimu, kwa kuwa PrEP haizuii magonjwa mengine ya ngono.