MANENO YA MHARIRI: VYAELEA VIMEUNDWA

Ndugu wanachama, leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda mkadhani haliwahusu makarani, nalo ni picha za zamani za matibabu ya shamba. Someni kwanza, kisha hukumuni.

Mwenzetu mmoja alituletea picha ya babu yake, aliyekuwa dresa. Daktari amesimama katikati, amevaa nguo nyeupe na helmeti. Mgonjwa ameketi chini mbele yake. Babu yuko ukingoni, ameshika bakuli, na bega lake moja limekatwa. Chini limeandikwa jina la daktari, na mwaka, basi. Kama bibi yake hakumwonyesha kwa kidole, mwenzetu asingalimtambua babu yake.

Picha ya namna hii haikutokea kwa bahati. Siku zile mtambo wa kupigia picha ulikuwa mzito, ukiwekwa juu ya miguu mitatu, na watu walipangwa kwanza: huyu asimame, huyu aketi, yule asogee. Awekwaye katikati ndiye mwenye habari. Awekwaye chini ndiye wa kuhurumiwa. Awekwaye pembeni huhesabiwa pamoja na vyombo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Chukueni mfano wa Profesa Robert Koch, tabibu Mdachi. Mwaka 1906 alifika visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, kuchunguza malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o, uliokuwa umekwisha kuua watu wengi mno kandokando ya ziwa lile. Alifanya kazi huko hata mwaka 1907. Picha za safari ile zingaliko hata leo. Azitazamaye huona utaratibu na huruma, wala si uongo: watu walikuwa wakifa, na wengi walikuja wakitafuta dawa. Walakini dawa ile, iitwayo atoksili, ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Kipimo kilipoongezwa, wagonjwa walipata maumivu makali, na baadhi yao wakapofuka macho wasipone tena. Wengine waliacha dawa wakaenda zao. Aliyekwenda zake hayumo katika picha, na aliyepofuka baadaye, siku ya kupigwa picha alikuwa bado aona.

Kwa hiyo twawashauri kuiuliza kila picha maswali matatu. Ni nani aliyewekwa katikati, na nani pembeni? Ni nini kilichoachwa nje ya mpaka wake? Tena, ni nani aliyeandika maneno ya chini?

Swali hilo la tatu latugusa sisi. Maneno ya chini ya picha mara nyingi yamepita mkononi mwa karani. Bwana mkubwa hutaja jina lake, karani hulipiga taipu. Dresa yuko chumba cha pili, wala hakuna aendaye kumwuliza. Kosa hili hatuwezi kumtwika mpiga picha peke yake. Sisi tuandikao kila koleo na kila ndoo katika daftari ya ghala, tumeshindwaje kuandika jina la mtu?

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, kila mwenye picha za zamani, nyumbani au katika kabati la ofisi, aziandike nyuma kwa penseli, taratibu: majina, mahali, mwaka, na kazi ya kila mmoja. Awaulize wazee, maana wazijuao sura zile wanapungua kila mwaka. Pili, wenzetu walio hospitalini wasikubali mgonjwa apigwe picha kabla hajaulizwa; na akikubali, jina lake lihifadhiwe vema, lisitangazwe ila kwa idhini yake.

Ile picha ya dresa tumekwisha kuirudisha kwa mwenyewe. Nyuma yake sasa pana jina kamili la babu, na la mji wake. Limeandikwa na karani.