Noeli ya plastiki: nani analipa, nani anaokota?

Mchango wa mapambo ya Noeli usiombwe tena kwa jamaa za wakimbizi wa ndani. Ninasema hivi mapema, wakati kamati za shule na za makanisa hapa Bukavu zinaanza kukutana, maana kufika Desemba wataniambia nimechelewa.

Tuangalie mchango huo unanunua nini. Mapira ya kupuliza, maua ya plastiki, vishada vya kung'aa, sashe za rangi za kufungia zawadi. Mama anayelala na watoto watano katika chumba kimoja cha kukodi anaambiwa atoe franka kwa vitu vya kutundikwa siku moja. Asipotoa, jina lake linasomwa mbele ya wengine. Hiyo ni kodi, tusiiite furaha.

Halafu tarehe 2 Januari vitu vyote viko ndani ya kanivo. Wakaaji wa Kadutu hawahitaji kufundishwa juu ya hili. Mvua inanyesha huko juu mlimani, kanivo imeziba, maji na matope yanaingia kwa walio chini. Na chini ndiko chumba ni cha bei rahisi, ndiko mkimbizi anapata pa kulala. Pambo alilolilipia linamrudia mlangoni.

Yale yanayopita yanafika ziwa Kivu, yanaingia mto Ruzizi, yanakwama kwenye baraji ya Ruzizi 1. Wafanyakazi wanaopoa chupa na sashe, mashine zinapungua nguvu, na sisi tunabaki gizani tukilaumu SNEL. (SNEL ina makosa yake, tutayasema siku nyingine.)

Sheria ipo. Amri ya Waziri Mkuu ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Rwanda, ng'ambo tu ya Ruzizi, walikataza tangu 2008, na anayevuka mpaka na sashe ananyang'anywa. Kwetu amri iko, sashe nazo ziko, zinauzwa mchana mbele ya polisi.

Wengine watajibu: basi tukate sipre. Hapana! Sipre changa ikikatwa kichwa haipandi tena sawa, inatoa vichwa viwili, mbao yake inaharibika. Na milima yetu inaporomoka vya kutosha.

Jibu lingine ninaliheshimu zaidi: watoto hawa wameona vita, waacheni waone rangi kidogo. Ndiyo, waone. Lakini rangi tunayo. Harusi zetu zimepambwa tangu zamani kwa tao la migomba na maua ya uani. Jumapili ya Matawi kanisa zima linakuwa kijani bila mtu kutoa franka. Siku hizi vijana wanatazama kwenye simu Wazungu wakipamba nyumba kwa maboga na majani yaliyoanguka, kisha wanakwenda sokoni kutafuta majani kama hayo ya plastiki, wakati boga la kweli liko jikoni kwa mama yao, na baada ya sikukuu lingeliwa.

Kama kamati ina pesa, iwape akina mama waliokimbia vita. Wengi wao wanajua kusuka vikapu na mikeka. Wasuke nyota na vishada kwa majani makavu ya mgomba, walipwe kwa kazi hiyo. Sikukuu ikiisha, majani yanarudi shambani. Plastiki yenyewe inaishia kuwashia mbabula ndani ya chumba, na watoto wanavuta ule moshi usiku kucha.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, atakaposimama yule wa kamati kusoma kiasi cha mchango, muulize mbele ya watu wote: vitu hivi vimetengenezwa na nani, pesa inakwenda kwa nani, na tarehe 2 Januari ni nani kati yenu atashuka kwenye kanivo kuviokota? Asipokuwa na jibu, usitoe.