Ojwang Hakuwa Mjaluo, na Hiyo Ndiyo Ilikuwa Kazi

Juzi kibandani hapa Bondeni msee mmoja alisema Mzee Ojwang hakuwa anaigiza. Eti alikuwa tu mzee wa Kijaluo amewekewa kamera. Nusura chai inipalie.

Jina lake lilikuwa Benson Wanjau. Mkikuyu. Ojwang wa Vitimbi na Vioja Mahakamani alitengenezwa: lafudhi, mwendo, vile alimtazama Mama Kayai kabla ya kumjibu. Aliifanya hiyo kazi zaidi ya miaka 30, vizuri hivi kwamba wengi walisikia jina la Wanjau mara ya kwanza Julai 12, 2015, alipofariki Hospitali ya Kenyatta.

Hii "alizaliwa hivyo" yetu ni njia rahisi ya kutomlipa mtu. Nani hulipa mtu kwa kuwa yeye mwenyewe? Macho yalipomsumbua, Wakenya waliitana kuchanga. Sitawatukana waliochanga. Lakini mtu aliyechekesha nchi nzima, tena nchi iliyokuwa na TV moja tu hadi 1990, mbona achangiwe? Vichekesho vyake bado vinazunguka kwenye simu zetu. Kila mtu anavituma, na mara nyingi jina la Wanjau halipo.

Alipokufa tukamgeuza bango la umoja: Mkikuyu aliyependwa kama Mjaluo. Naelewa, mimi ni wa Nakuru. Januari 2008 hapa mtu aliulizwa jina kabla ya salamu, na jibu lingeweza kumuua. Lakini hata kwa hilo bango tulimnyang'anya kazi yake. Wanjau hakuwa anahubiri amani. Alikuwa anaigiza, na kuigiza ni kusikiliza watu wengine kwa makini mpaka mdomo wako ukubali kusema kama wao. Hapa kwetu wangapi tumesikiliza jirani hivyo?

Kuna wanaosema ile lafudhi ilikuwa kejeli kwa Wajaluo. Hao niko tayari kukaa nao nibishane hata usiku kucha, kwa sababu angalau wanakubali kwamba kuna kitu alikifanya.

Msee alinyamaza, akamaliza mandazi yake. Halafu: "Na Mama Kayai, yeye huitwa nani?"

Mary Khavere, nikamwambia. Akalirudia mara mbili.