Ugomvi wa setilaiti, anga la Kivu na kibla chetu Titye

Waumini wa Titye, Kasulu, wanauliza: mataifa makubwa yakigombana angani, simu inayotuonyesha kibla iaminiwe?

Kwanza ugomvi wenyewe. Marekani ina GPS, Urusi ina GLONASS, Ulaya ina Galileo, na China ilikamilisha BeiDou mwaka 2020. Mwenye setilaiti ndiye mwenye rungu. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyatia kasoro kwa makusudi mawimbi ya raia, huku jeshi lake likipata yaliyo sahihi. Afrika haina mfumo wake.

Madhara yapo jirani. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulieleza kuwa GPS ilivurugwa Kivu Kaskazini, penye vita vya M23, hata ndege za misaada zikawa hatarini. Wakongomani wengi wa kambi ya Nyarugusu, hapa hapa Kasulu, asili yao ni Kivu; kwao hii si habari ya mbali. Na kifaa kinachosoma mifumo yote minne si kinga kamili, kwani mvurugaji aliye karibu anaweza kuiziba yote kwa pamoja.

Ama kibla, ni jepesi. Kutoka Titye, Makka iko kaskazini ikiegemea mashariki kidogo, umbali wa kilomita 3,000 hivi. Simu ikikosea mahali ulipo kwa kilomita 20, mwelekeo haubadiliki hata nyuzi moja. Kinachopotosha zaidi ni dira ya simu kuwekwa karibu na chuma au spika ya msikiti! Rubani anayeshuka ndani ya mawingu ya milima ya Kivu hana nafuu hiyo.