Nasaba ya Baba na Lugha ya Mama katika Karatu na Ngorongoro

Nchi inayolizunguka Ziwa Eyasi, pamoja na nyanda za juu za Ngorongoro zinazopakana nayo, ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako makundi makubwa ya lugha za bara hili yamekutana. Wairaqw wa Karatu husema lugha ya Kikushi. Wadatoga na Wamaasai husema lugha za Kiniloti. Waihanzu walio kusini ya ziwa ni Wabantu. Na Wahadza wana lugha yenye vidoko ambayo hadi leo haijathibitika kuwa na ndugu. Juu ya zote kimetanda Kiswahili, hasa katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, ambako vijana wa jamii zote hizo hufanya vibarua bega kwa bega.

Si ajabu, basi, kwamba wataalamu wa jeni nao wamevutwa na eneo hili. Chombo chao kikuu katika kufuatilia nasaba ya kiume ni kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana wa kiume tu. Mwaka 2003 Knight na wenzake walionyesha kuwa Wahadza na Wasan wa kusini mwa Afrika, ijapokuwa wote hutumia vidoko, walitengana zamani mno. Mwaka 2008 Henn na wenzake walilifuata tawi moja la kromosomu hiyo, M293, ambalo hupatikana kwa wingi kwa Wadatoga na pia kwa baadhi ya watu wa kusini mwa Afrika. Wakahitimisha kuwa wafugaji walipitia Tanzania kuelekea kusini miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Mwaka 2019 uchunguzi wa mifupa ya kale ya Kenya na Tanzania, ikiwemo ya pango la Gishimangeda karibu na Eyasi, ulilikuta tawi hilo hilo kwa wanaume wa jamii za wafugaji wa mwanzo.

Matokeo haya yana thamani kubwa, na mwanaisimu anayeyapuuza anajinyima ushahidi. Hata hivyo, taabu huanza pale yanapotoka maabara na kugeuzwa cheti cha asili ya kabila zima. Historia ya eneo hili ina onyo la kutosha. Kwa sababu tu jina Iraqw linafanana na Iraki, ilizuka dhana kuwa Wairaqw walitoka Mesopotamia. Rekdal, katika makala yake ya mwaka 1998, alieleza jinsi dhana hiyo ya waandishi wa kigeni ilivyogeuka kuwa kisasili, hata ikaanza kusimuliwa na Wairaqw wenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu anajua kuwa mfanano wa maneno mawili, pasipo uwiano wa sauti wa mara kwa mara, si ushahidi wa lolote. Wasiwasi uliopo sasa ni kwamba herufi na tarakimu kama M293 zitashika nafasi ya mfanano huo, na safari hii zitasikika kama sayansi.

Yafaa kukumbuka jinsi dirisha hili lilivyo jembamba. Mtu akihesabu vizazi kumi nyuma atakuta nafasi za wahenga 1,024, na kromosomu Y humwonyesha mmoja tu kati yao. Mwanamume akizaa mabinti watupu, tawi lake hukoma naye, hata kama wajukuu wake wamejaa kijiji kizima. Na katika jamii ndogo kama ya Wahadza, bahati ya namna hiyo inaweza kubadili picha nzima. Aidha, ukoo si damu peke yake. Simulizi za Wairaqw zinakiri kuwa koo zao kadhaa zilianzishwa na wageni: ukoo wa Manda, uliotoa waganga wakuu, unasimuliwa kuwa na asili ya Ihanzu. Leo hakuna awaitaye Waihanzu.

Lakini hoja nzito zaidi ni ya lugha. Katika sehemu kubwa ya Tanzania mtoto huhesabiwa kabila la baba, ilhali Kiswahili chenyewe husema lugha ya mama. Vidoko vya Kizulu na Kixhosa huaminiwa na wataalamu wengi kuwa viliingia, kwa sehemu kubwa, kupitia wanawake walioolewa kutoka jamii za Khoisan. Athari hiyo haiwezi kuonekana hata kidogo katika nasaba ya baba. Vivyo hivyo Wadatoga wanasema Kiniloti huku wengi wao wakibeba tawi la kiume ambalo shina lake limeenea kaskazini mashariki mwa Afrika, miongoni mwa wasemaji wa Kikushi. Kromosomu imekwenda njia yake, na lugha yake.

Jambo hili si la darasani tu. Wamaasai waliingia Ngorongoro katika karne ya 19 wakawakuta Wadatoga. Tangu mwaka 2022, uhamishaji wa wakazi wa hifadhi kwenda Msomera, wilayani Handeni, umeamsha upya swali la nani mwenyeji. Swali hilo halijibiwi kwa mate yaliyowekwa katika kichupa. Wahadza wa Yaeda Chini walipopata hati ya hakimiliki ya kimila mwaka 2011, waliipata kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya vijiji na matumizi yao ya ardhi. Hakuna aliyewapima damu.

Ushirikiano kati ya wanaisimu na wanajenetiki unawezekana, na uanzie kwenye dodoso. Nafasi moja iliyoandikwa "kabila" haitoshi. Mtoa sampuli aulizwe lugha ya mama yake, ya bibi zake wa pande zote mbili, lugha iliyotumika nyumbani alipokuwa mdogo, na lugha anayowasemesha watoto wake. Na majibu ya maabara yarudishwe Mang'ola kwa Kiswahili.